Daftari la simu la babu: kwa nini karibu kila simu ilikuwa dakika tatu?

SWALI: Shikamoo mzee. Tulipokuwa tukigawana vitu vya marehemu babu hapa Tanga tulikuta simu yake ya mezani, ile ya kuzungusha, ina kikufuli kidogo kwenye duara la namba. Chini yake palikuwa na daftari. Kila simu ya mbali aliyopiga aliiandika: tarehe, mji, jina la mtu, dakika. Kuanzia 1979 hadi miaka ya themanini karibu zote ni "dakika 3". Baadaye neno dakika linapotea, anaandika "yuniti". Mstari wa mwisho ni wa 2003. Nikafungua simu yangu: jana peke yake nimepiga mara 14, nyingi hazikufika hata dakika moja, halafu moja imekwenda saa moja na dakika 52. Je, babu zetu hawakuwa na maneno? Sisi tunaongea zaidi kuliko wao, au kidogo? Na simu yenyewe, nikiichomeka leo, italia?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa msiba. Kabla ya yote nakuomba daftari hilo lisiungue wala lisifungiwe maandazi. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya simu kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka ya mwisho kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo aliyoifanya babu yako bila mshahara: kuhesabu nani anapiga, saa ngapi, kwa muda gani. Mitambo iliweka jumla tu. Daftari lako limeweka na majina.

Babu hakukosa maneno. Mtu haongei kwenye simu kwa kadiri ya maneno aliyonayo. Anaongea kwa kadiri muda unavyouzwa, na kwa kadiri ya nani analipa. Shika hilo, kisha tufungue daftari pamoja.

Hizo dakika tatu si chaguo la babu. Wakati ule simu ya kwenda mji wa mbali ilipitia kwa opereta. Unanyanyua mkonga, unamwambia unataka mji gani na namba gani, anakuandikisha, unarudisha mkonga chini na kungoja. Huenda ukangoja nusu saa, huenda ukangoja mchana kutwa, kwa sababu njia kati ya mji na mji zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Simu ikilia, opereta anakuambia, "Haya, zungumza." Malipo yalianzia dakika tatu. Ukiongea dakika moja umelipa tatu. Kwa hiyo mtu mwenye akili zake alizitumia zote tatu, na mtu mwenye mshahara wa kawaida hakuthubutu ya nne. Zikikaribia kwisha opereta aliingia katikati: "Dakika tatu zimekwisha, mnaongeza?" Wengi walikatwa huku wakisema "wasalimie."

Namkumbuka mzee mmoja aliyekuja kupigia simu ofisini kwetu kwa kuwa kwake hapakuwa na laini. Alikuwa amekuja na karatasi. Alikuwa ameandika mambo manne ya kumwambia mwanawe aliyekuwa Mwanza, kwa mpangilio: mahari, shamba, mguu wa mama, nauli. Simu ilipokubali, mwana akaanza kama tulivyolelewa: shikamoo baba, habari za hapo, hujambo, mama hajambo, wadogo hawajambo, majirani je. Na mzee hakuweza kumkatisha, kwani angemkatisha vipi mtoto anayemwamkia? Walipofika kwenye mahari opereta akaingia. Yule mzee alitoka na karatasi yake mkononi, mambo matatu hayajasemwa. Nilikuwa kijana, na tangu siku ile sijawahi kuona namba za dakika kama namba tu.

Kwa hiyo ukiona kwenye daftari "dakika 4" au "dakika 6", simama hapo. Tazama tarehe na jina. Nakuhakikishia hapo pana ugonjwa, kifo, au harusi.

Sasa "yuniti". Mitambo ilipowezesha mtu kupiga mwenyewe moja kwa moja hadi mji mwingine bila opereta, Dar es Salaam kwa 051, Arusha kwa 057, namna ya kuuza muda ilibadilika. Kila mteja alikuwa na mita yake ndani ya nyumba ya mitambo, kidude chenye tarakimu kama cha mileji ya gari, kimepangwa ukutani pamoja na mamia ya wenzake. Kila kikiruka ni yuniti moja. Ukiongea na mji wa karibu kinaruka polepole. Ukiongea na mji wa mbali kinaruka haraka. Saa nne asubuhi, ofisi zote zikiwa kazini, ukuta ule ulikuwa unalia kama mvua ya mchanga juu ya mabati. Mteja hakuvisikia wala hakuviona. Alijua tu mwisho wa mwezi bili ilipofika. Ndiyo maana babu aliacha kuandika dakika: alikuwa hana tena mtu wa kumwambia zimepita ngapi, akawa ananukuu yuniti kutoka kwenye bili na kujaribu kukisia zimeliwa na simu ipi.

Na hapo ndipo kikufuli kinapoingia. Opereta alikuwa mlinzi. Bila yeye, kijana yeyote wa nyumbani angeweza kumpigia rafiki yake Moshi baba akiwa msikitini. Watu wakafunga duara la namba. Vijana nao wakagundua kwamba duara lile, linaporudi, linakata na kuunganisha umeme wa laini mara kadhaa: mara tano kwa namba 5, mara kumi kwa sifuri. Kitufe cha kukatia simu, pale mkonga unapolala, kinafanya kazi ile ile. Ukikigonga haraka haraka mara tano, umepiga 5. Muulize baba yako au shangazi yako kama waliwahi kugonga. Watacheka kwanza kabla ya kujibu.

Umeuliza kama tunaongea zaidi. Kwa nchi nzima, zaidi sana, hakuna mashaka. Tazama ukubwa wa simu zilizokuwapo. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977 na shirika lake la posta na simu kugawanyika, Tanzania ilikuwa na Shirika la Posta na Simu mpaka 1994, lilipogawanywa na TTCL ikachukua upande wa simu. Mwaka 2000 laini za mezani nchini zilikuwa takribani 174,000. Sensa ya 2002 ilihesabu watu milioni 34.4. Ni laini moja kwa watu wapatao mia mbili, na nyingi zilikuwa ofisini, mijini. Nyumba yenye simu kama ya babu yako ilikuwa ni simu ya mtaa. Jirani alitoa namba yenu kwa ndugu zake. Simu ikilia, mtoto alitumwa mbio kumwita. Mimi nilikulia kwenye mtaa wa namna hiyo, na kazi ya kukimbia kumwita mtu ilikuwa yangu. Daftari lako litakuwa na majina ya watu wasio wa ukoo wenu. Hao ndio majirani, na mbele ya majina yao huenda utakuta fedha imeandikwa, au mstari uliokatwa kwa maana ya deni limesamehewa.

Wengi husema simu ya mkononi iliua simu ya mezani. Kwa Tanzania, na kwa sehemu kubwa ya Kenya na Uganda, sikubali. Huwezi kuua kilichokuwa bado hakijazaliwa. Kila laini ya mezani ilihitaji jozi yake ya waya za shaba kutoka kwenye mitambo hadi mlangoni kwa mtu, nguzo kwa nguzo, na foleni ya maombi ilihesabiwa kwa miaka. Shaba ikawa inaibiwa na kuyeyushwa. Mnara mmoja wa redio ulifikia maelfu ya watu bila kuchimba mtaro hata mmoja. Mobitel ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, simu zikiwa kubwa na za wenye fedha. Vodacom ikaingia mwaka 2000, Celtel 2001. Na katika mwaka huo wa 2001 laini za mkononi nchini zikazipita za mezani. Mwaka mmoja tu, baada ya miongo ya nguzo. Kufikia mwishoni mwa 2008 zilikuwa kama milioni 13. Za mezani hazikudondoka kwa kishindo. Zilisinyaa tu, na kufikia 2020 zilikuwa chini ya 100,000 nchi nzima, nyingi zikiwa ofisini.

Ukitaka kuona simu ya mezani inakufa kweli, nenda Uingereza. Kule karibu kila nyumba ilikuwa nayo, watu waliongea humo jioni nzima. Msimamizi wa mawasiliano wa nchi ile, Ofcom, alihesabu dakika bilioni 103 zilizoongewa kwenye simu za mezani mwaka 2012. Mwaka 2017 zilikuwa bilioni 54. Miaka mitano, karibu nusu imeondoka. Na sasa mtandao ule wa zamani wa shaba wanapanga kuuzima kabisa Januari 2027. Marekani wanaofuatilia jambo hili kwa uangalifu zaidi ni taasisi ya afya ya serikali, CDC. Watafiti wa afya walikuwa wakihoji watu kwa simu za nyumbani; wakaona wanawakosa vijana na wapangaji, wakaanza kuuliza nyumba kwa nyumba ni nani hana simu ya mezani. Nusu ya pili ya 2016 ndipo nyumba zenye simu za mkononi pekee zilipozidi nusu. Kwetu nyumba nyingi hazijawahi kuwa na simu ya mezani ya kuiacha. Bibi yangu alitoka kwenye barua moja kwa moja akaingia kwenye kitochi.

Lakini ipo tofauti moja ambayo naiona kubwa kuliko idadi. Namba ya mezani ilikuwa ya mahali. Ya mkononi ni ya mtu. Ukipiga nyumbani kwa babu yako maneno ya kwanza yalikuwa, "Nani mwenzangu?" kisha, "Naomba kuongea na fulani." Ulipita kwa baba mwenye nyumba au kwa dada wa kazi, ukaamkia, ukaulizwa wewe mtoto wa nani. Leo maneno ya kwanza ni, "Uko wapi?" Swali hilo kwenye simu ya mezani lingekuwa halina maana, maana uliyempigia alikuwa pale pale simu ilipo. Sehemu ya zile simu zako 14 za jana ambazo hazikufika dakika ni hizo: uko wapi, nimefika, shuka kituoni, nakuona. Ni aina ya simu ambayo babu hakuwa nayo kabisa. Yeye aliweka miadi kwa barua au kwa mdomo, akaenda, akangoja.

Kwa hiyo ukilinganisha urefu wa simu zako na zake unalinganisha vitu viwili tofauti. Idadi ya simu imepanda mno, na wastani wa kila simu umeshuka kwa sababu simu fupi fupi zimeingia kwa wingi, si kwa sababu zile ndefu zimekufa. Ile ya saa moja na dakika 52 sikuulizi ilikuwa ya nani.

Kilichoziingiza zile fupi ni vocha. Mikataba ya mwanzo ya simu za mkononi ilitaka amana na bili ya mwezi, kwa hiyo ilibaki ya wafanyabiashara na wakubwa. Vocha ya kukwangua iligeuza muda wa maongezi kuwa bidhaa ya kipimo, kama mafuta ya taa au sukari dukani: unanunua ya leo, ya kesho Mungu anajua. Mara ya kwanza mtu wa kipato cha chini alijua kabla ya kupiga ni kiasi gani anapoteza. Mama lishe, fundi baiskeli na muuza samaki waliingia kwenye mawasiliano kwa mlango huo.

Na hapo tukabuni kubipu. Wataalamu wa nje waliona ni ubahili. Mimi naona ni lugha kamili. Mfumo wetu ni kwamba mpigaji ndiye anayelipa, anayepokea halipi. Marekani ilikuwa tofauti: hata aliyepokea alikatwa dakika zake. Ndiyo maana kubipu kulishamiri huku, Wakenya wakaita "kuflash", na kule hakukuwa na maana. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, aliyekaa Rwanda kuchunguza jambo hili, aliandika mwaka 2007 kuhusu kanuni zake, na nilipomsoma nilifurahi kuona mgeni ameelewa. Kubipu kuna aina: kuna "nipigie", kuna "nimefika" iliyopangwa kabla, kuna "nakukumbuka" tu. Na kuna adabu: mwenye uwezo ndiye anayepiga. Kijana hambipu msichana anayemtongoza. Mtoto anambipu baba, baba hambipu mtoto. Kwa mitambo yetu simu hizo hazikuwa na dakika hata moja. Hazikuingiza shilingi, lakini zilishika njia zote za kuunganishia. Kuna siku za sikukuu ambapo nusu ya tulichokuwa tunakibeba kilikuwa mlio wa mara moja na kukatwa.

Halafu ikaja bei ya kuvuka mtandao. Ukimpigia mtu wa kampuni nyingine, kampuni yako ililipa kampuni yake kwa kila dakika ili simu ipokelewe. Malipo hayo huitwa ya muunganiko, na mteja hayaoni popote, ila ndiyo yaliyomfanya anunue laini ya pili na ya tatu. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliyashusha kwa kishindo Machi 2013 hadi shilingi 34.92 kwa dakika, kisha hatua kwa hatua: 15.60 mwaka 2018, na shilingi 2 mwaka 2022. Kenya walifanya hivyo mapema, wakakata kwa nusu katikati ya 2010, kutoka shilingi 4.42 za kwao hadi 2.21, na vita ya bei iliyofuata Wakenya wanaikumbuka vizuri. Kwangu hii ndiyo hatua muhimu kuliko simu zote mpya zilizoingia sokoni katika kipindi hicho. Kabla yake ukoo mmoja ulilazimika kuhamia mtandao mmoja ili uongee. Wapenzi walinunuliana laini. Mtu alikuwa na simu mbili mfukoni, au simu ya laini mbili, na akijua kwa kichwa nani yupo kwenye mtandao upi kwa kutazama tarakimu tatu baada ya sifuri. Bando la "mitandao yote" unalonunua leo bila kufikiri lisingewezekana kwa bei hiyo kama yale malipo yangebaki yalipokuwa.

Hapa naomba nikuonyeshe kitu kimoja cha ndani ya kazi yetu, kwa sababu kinaeleza ile simu yako ndefu. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alitupatia mwanzoni mwa karne iliyopita hesabu ya kujua njia ngapi zinatosha watu wangapi, na kipimo chetu kinaitwa kwa jina lake. Njia moja ikishikwa saa nzima bila kuachwa, hiyo ni erlangi 1. Chukua watu 100, kila mmoja aongee dakika 3 katika saa moja: ni dakika 300, yaani erlangi 5. Utadhani njia 5 zinatosha. Hazitoshi, maana watu hawapangi foleni. Wanapiga kwa pamoja, kisha kimya, kisha kwa pamoja. Ukitaka katika kila wapigaji 100 asizidi mmoja wa kukosa njia, unahitaji njia 11. Zaidi ya mara mbili. Maana yake muda mwingi njia zako zipo wazi, na saa nyingine za siku zipo wazi kabisa.

Kwenye simu za mezani saa yenye msongamano ilikuwa saa nne asubuhi, ya ofisi. Za mkononi zikaihamishia jioni, baada ya magharibi, watu wakiwa nyumbani au njiani. Mnara nao una kikomo: chaneli moja ya redio ya GSM, mfumo ule wa simu za mkononi, imegawanywa vipande 8 vya muda, kimoja kikachukuliwa na shughuli za mtandao wenyewe, vikabaki 7. Watu saba wakiongea, wa nane anakosa njia. Kwa hiyo mtandao unajengwa kwa ajili ya jioni, na kuanzia saa sita usiku mitambo ile ile ya fedha nyingi inaungurumia hewa tupu. Kumwachia mtu aongee usiku kucha kwa bei ya kutupa hakuigharimu kampuni karibu chochote. Ndipo zikaja ofa za usiku, na kizazi kizima cha vijana wetu wakajifunza kunong'ona chini ya shuka mpaka adhana ya alfajiri. Wazazi walilalamikia maadili. Mimi niliona grafu ya usiku, iliyokuwa bapa miaka yote, imeota nundu, nami nikajua ni watu hao hao, wenye maneno yale yale ya yule mzee wa karatasi, ila mara hii hakuna aliyewakatisha.

Simu za nje ya nchi zilikuwa na lao. Kabla nyaya za baharini za SEACOM hazijafika pwani yetu mwaka 2009, simu nyingi za Ulaya na Marekani zilipanda hadi setilaiti, kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, na kushuka tena. Sauti inachukua robo sekunde hivi kwenda, robo nyingine jibu kurudi. Ni kidogo, lakini inatosha kuharibu maongezi: unanyamaza, unadhani mwenzako hana la kusema, unaanza tena, kumbe sauti yake ndiyo inafika. Mnagongana. Wote mnanyamaza. Nimesikia ndugu wakigombana kwa sababu ya robo sekunde, kila mmoja akidhani mwenzake amenuna. Leo jamaa wa Unguja anaongea na mtoto wake London kama yupo chumba cha pili.

Sasa ninyi vijana, na hofu ya kwamba simu ya sauti inakufa. WhatsApp ilileta ujumbe wa sauti mwaka 2013 na kupiga simu mwaka 2015. Mwaka 2022 wenyewe walisema jumbe za sauti zinazotumwa ni bilioni 7 kwa siku duniani. Mpwa wangu anarekodi kwenye daladala, kiganja kimeziba upande wa injini, dakika nne mfululizo, anatuma, anaweka simu mfukoni. Mwenzake atasikiliza usiku. Dakika hizo hazimo kwenye takwimu za simu popote, ni data tu kama picha au video. Kwa hiyo ripoti ikisema dakika za kupiga zimeshuka, usiamini kwamba sauti imeshuka. Zipo nchi ambako hata hilo linategemea sheria: Falme za Kiarabu wamezuia kupiga kwa WhatsApp, ndiyo maana ndugu zetu wengi wa huko huleta salamu kwa ujumbe wa sauti, nasi tunajibu kwa ujumbe wa sauti, mazungumzo yanachukua siku mbili.

Na watu wakifungiwa ndani hurudi kwenye kupiga. Aprili 2020, corona ilipowazuia Wamarekani majumbani, kampuni ya Verizon ilieleza kwamba ilikuwa inabeba simu milioni 800 kwa siku ya kazi, zaidi ya mara mbili ya Siku ya Mama, ambayo kwao ndiyo siku ya simu nyingi. Na kila simu ilikuwa ndefu kuliko kawaida kwa theluthi moja. Walikuwa na intaneti ya kila aina. Walitaka kusikia mtu akipumua upande wa pili.

Kama unataka kulifanyia kazi daftari, na nakuomba ufanye, jihadhari na mtego mmoja. Usihesabu "dakika kwa laini" ukalinganisha na takwimu za leo. Laini ya babu ilikuwa ya watu ishirini. Laini za leo ni zaidi ya watu. Mwishoni mwa 2023 Tanzania ilikuwa na laini zaidi ya milioni 70, wakati sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwemo. Hesabu badala yake watu: katika mwezi mmoja wa 1983 babu aliongea na watu wangapi tofauti, wa miji mingapi, na wewe mwezi uliopita ulipiga kwa wangapi? Wala usichague mwezi wa kawaida tu. Chukua na mwezi wa Idi. Nadhani utakuta mnakaribiana kuliko unavyotarajia, na nitafurahi ukiniandikia matokeo hata kama nimekosea.

Nimalizie na simu yenyewe. Ukiichomeka kwenye tundu la zamani la ukutani, usitegemee kitu. Huenda waya ulishakatwa nje. Ukipata laini ya mezani ya siku hizi, inayokuja kwa mkongo na kifaa chenye tundu la simu, mkonga utatoa mlio wa kuruhusu kupiga, maana simu yako inakula umeme wa laini, haihitaji wa ukutani. Kupokea na kuongea utaweza. Kengele ni jambo jingine. Ndani mna vikombe viwili vya shaba na nyundo katikati, vinataka msukumo wa volti 75 hivi, na vifaa vingi vya sasa vinatoa kidogo kuliko hapo, hivyo huenda ikakohoa tu badala ya kulia. Kupiga pia kunategemea kifaa: vingine vinaelewa sauti za vibonye peke yake, havielewi kukatika kwa duara. Mtafute fundi, umuulize kama kifaa chake kinapokea upigaji wa mapigo, kabla hujanunua.

Kikufuli usikivunje. Kama ufunguo umepotea, jaribu kwanza kwa kugonga.